Mechi Zake Ni Ngapi?

Hotuba ya katibu wa klabu katika hafla ya kuwaheshimu wachezaji, makocha na watumishi waliodumu

Mwenyekiti wetu, viongozi wenzangu, wazee mlioianzisha klabu hii, wachezaji wa zamani na wa sasa, wazazi na mashabiki wetu, habari za jioni.

Miezi mitatu iliyopita kamati ilinipa kazi ambayo nilidhani ningeimaliza siku moja. Niliambiwa, "Katibu, kiungo wetu tunampa ngao ya utumishi. Hebu tutafutie idadi ya mechi alizoichezea klabu, fundi aichonge." Nikasema hakuna shida.

Nikafungua kabati la ofisi. Nilikuta madaftari manne. La kwanza lilikuwa limelowa maji ya paa lililovuja, kurasa zimeshikana kama zimepakwa gundi. La pili lina majina ya wachezaji wa msimu mzima, halina tarehe hata moja. La tatu linaishia katikati ya msimu, utadhani timu ilivunjwa wiki hiyo, na mimi mwenyewe msimu huo nilikuwa beki wa kulia; tulicheza mpaka mechi ya mwisho na tukanusurika kushuka daraja kwa tofauti ya mabao. La nne ndilo zima, kwa sababu aliyekuwa akiliandika ni mtunza vifaa wetu, ambaye hakuna aliyemwagiza. Kuna misimu miwili ambayo haina hata kipande cha karatasi.

Kaka yetu huyu, kiungo wetu, amevaa jezi namba nne kwa misimu 17. Alikuja kijana wa miaka 16, jezi inamfika magotini. Alikuwa msaidizi wa manahodha watatu tofauti kabla hajavikwa kitambaa yeye. Nilipomwendea nikamuuliza mechi zake ni ngapi, alicheka, akasema, "Nyingi, Katibu." Nikarudi nyumbani na neno hilo moja. Halikuniacha nilale. Mtu ametupa ujana wake wote, na sisi tuliokuwa tukimwona kila wiki tunachoweza kumwambia ni "nyingi"?

Sasa nisikilizeni. Uingereza kulikuwa na beki wa kushoto aliyeitwa John Trollope, wa klabu ya Swindon Town. Hiyo si klabu ambayo watoto wetu wanavaa jezi zake. Lakini Trollope alianza kuichezea mwaka 1960, akamaliza mwaka 1980, na katika ligi peke yake alicheza mechi 770. Ndiyo rekodi ya mechi za ligi ya Uingereza kwa mchezaji wa klabu moja. Mwaka 1969 alikuwemo Swindon ilipokuwa daraja la tatu ikaifunga Arsenal 3-1 kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Mimi sikumwona akicheza. Wengi wenu leo ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina lake. Ila naweza kusimama hapa nikasema 770 bila kubabaika, kwa kuwa miaka yote ile, kila timu iliposhuka uwanjani, kulikuwa na mtu pembeni ameshika kalamu.

Au kipa Rogério Ceni wa São Paulo kule Brazil. Mechi 1,237 kwa klabu moja. Na kipa huyo alikuwa anavuka uwanja mzima kwenda kupiga faulo na penalti, mpaka anatundika daluga mwaka 2015 alikuwa amefunga mabao 131. Watu wanayajua yote 131, moja moja. Sisi hapa mabao ya kiungo wetu tunayakumbuka mawili: lile la kichwa dakika ya mwisho, na lile alilojifunga. Samahani, kaka, lakini wewe mwenyewe ndiye uliyenikumbusha hilo la pili.

Nimelianza jambo hili kwa namba kwa makusudi, kwa sababu tukishasema "amedumu" tunadhani tumemaliza. Kudumu kuna mambo ndani yake. Ngoja niwape habari ya mtu mmoja ambaye kwangu mimi ndiye kielelezo.

Bob Paisley alijiunga na Liverpool mwaka 1939. Vita vikaja, vikamlia miaka yake bora ya mpira. Akarudi, akacheza. Mwaka 1950 timu ikafika nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Everton, majirani zao, na Paisley akafunga. Orodha ya kikosi cha fainali ilipotoka, jina lake halikuwemo. Hebu kila mchezaji aliye hapa ajiweke mahali pake. Umefunga bao la nusu fainali, halafu fainali ya maisha yako unaitazama. Ni wangapi kati yetu tungerudi mazoezini wiki inayofuata?

Alirudi. Alipoacha kucheza akabaki kuhudumia wachezaji walioumia, akajifunza kazi ya viungo na misuli, akawa kocha wa timu ya akiba, akawa msaidizi wa kocha mkuu, Bill Shankly. Mwaka 1974 akapewa timu. Kwa misimu tisa akachukua ubingwa wa Uingereza mara sita na Kombe la Ulaya mara tatu. Watu wakimzungumzia huanzia kwenye makombe hayo. Mimi naanzia kwenye ile asubuhi ya 1950. Naamini kabisa mtu aliyewahi kuachwa nje ya fainali anajua namna ya kuongea na kijana aliyeachwa nje ya kikosi, kuliko yule ambaye hakuwahi kuachwa.

Na hapa nimtaje kiungo wetu tena. Kuna msimu aliletwa kijana mwenye kasi kumshinda, akakaa benchi karibu nusu ya msimu. Wengine tulimshauri ahame, kulikuwa na timu inamtaka. Nakumbuka jioni moja baada ya mazoezi, wenzake wote wameshaondoka, nikamkuta yeye na yule kijana aliyemchukulia namba. Amemsimamisha katikati ya uwanja, anamwonyesha kwa mkono: mpira ukitoka kwa beki wa kushoto, usiusubiri hapa, geuza bega kwanza, tazama nyuma yako, ndipo uombe. Akarudia mara nne, mara tano, mpaka giza likaingia. Yule kijana leo ni kocha wetu msaidizi, ameketi meza ile pale, na anajua kwamba sisemi uongo.

Lakini sitaki tudanganyane kwamba zamani watu walikuwa waaminifu na siku hizi wanapenda pesa tu. Nimesikia maneno hayo hata leo mlangoni. Ukweli ni kwamba zamani wachezaji wengi walibaki kwa sababu kanuni iliwafunga. Uingereza, mkataba ukiisha, klabu ingeweza kumshikilia mchezaji asiende kokote, mpaka mchezaji George Eastham alipokwenda mahakamani na mwaka 1963 jaji akasema kuzuia watu namna ile si halali. Hata baada ya hapo, Ulaya klabu iliweza kudai ada kwa mchezaji ambaye hana mkataba nayo. Ilikuwa Desemba 1995, kwa kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, ndipo mchezaji aliyemaliza mkataba akawa huru kweli kwenda klabu nyingine ndani ya Umoja wa Ulaya bila ada.

Kwa hiyo mtu anayebaki leo anabaki mlango ukiwa wazi. Francesco Totti aliichezea Roma tangu 1993 mpaka 2017, na sehemu kubwa ya muda huo angeweza kwenda karibu popote duniani. Dada zetu wa timu ya wanawake, nanyi mtazameni Wendie Renard. Kituo cha taifa cha mafunzo cha Ufaransa kilimkataa alipokwenda kujaribiwa, akaenda Lyon, mwaka 2006 akiwa na miaka 16. Na Lyon hiyo amechukua nayo Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mara nane. Sisi hatuna mikataba mikubwa ya kumshikilia mtu. Kila mchezaji wetu yuko huru kila msimu. Anayerudi, amerudi kwa hiari yake, na ndiyo maana mimi nalihesabu kila rudio lake.

Nije kwa makocha.

Ufaransa kuna mji mdogo unaitwa Auxerre. Mwaka 1961 klabu ya pale ilimpa timu kijana wa miaka 22, Guy Roux, awe kocha na mchezaji kwa pamoja. Ilikuwa timu ya madaraja ya chini. Ukiacha vipindi vifupi alivyokaa kando, alikaa mpaka mwaka 2005. Aliipandisha daraja la kwanza mwaka 1980, na mwaka 1996 ikachukua ubingwa wa Ufaransa na kombe la taifa kwa msimu mmoja. Makombe ni makombe, sawa, lakini kitu kinachonivutia kwa Roux ni kituo chake cha vijana. Eric Cantona alilelewa pale. Basile Boli vilevile. Kocha mwenye miezi sita hawezi kupanda mti ambao utazaa baada ya miaka minane, kwa sababu hana uhakika atakuwepo hata kuumwagilia. Anatafuta aliyeiva tayari. Kocha anayejua atakuwepo anaweza kumchukua mtoto wa miaka 14 asiyejua kutumia mguu wa kushoto, akasubiri.

Ujerumani yupo mwingine, Frank Schmidt wa Heidenheim. Alizaliwa mji huo huo, akaichezea timu hiyo, na mwaka 2007 alipomaliza kucheza akakabidhiwa kuishika kwa muda. Ilikuwa ligi ya kanda. Huo "muda" ukawa miaka 16, mpaka mwaka 2023, siku ya mwisho ya ligi daraja la pili. Walikuwa wamefungwa mawili bila kule Regensburg. Wakarudisha moja, kisha ndani ya dakika za nyongeza wakafunga mawili, 3-2, wakapanda Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani. Ni yule yule kocha wa ligi ya kanda, amesimama pale pale kwenye mstari.

Na sisi tunaye wetu. Wachezaji wadogo mnamwona kocha mkuu akifika uwanjani mkajua mazoezi yanaanza. Hamjui kwamba huwa amefika saa nzima kabla yenu. Nilimwona siku moja nilipokwenda mapema kufungua ofisi. Alikuwa na ndoo, anautembea uwanja kwa mistari, kama mtu anayelima, kutoka goli hili mpaka goli lile, anarudi. Anainama, anaokota. Mawe, vipande vya chupa, msumari. Nikamuuliza kwa nini hatumi vijana. Akasema, "Nikituma, wataokota wanavyoviona. Mimi najua vinapojificha." Yule anajua kwamba kwenye kona ya upande wa ofisi maji hutuama, na mawe huchomoza baada ya kila mvua. Aliumia mchezaji wake pale, miaka mingi nyuma, goti. Tangu siku hiyo hajaacha ndoo yake. Hilo halimo kwenye daftari lolote. Siku akiondoka bila kumwambia mtu, litaondoka naye, na mtoto mwingine ataumia goti pale pale.

Ndiyo maana nasema watu hawa ni kumbukumbu ya klabu inayotembea kwa miguu. Mtunza vifaa wetu anajua nani anavaa njumu namba ngapi, na nani hasemi kwamba zake zimepasuka kwa sababu nyumbani hakuna za kubadilisha. Huwa anamwekea jozi kwenye begi, haongei. Nisamehe, mama, nimekutoa siri.

Sasa niseme na upande mgumu, maana hafla ya sifa tupu haitatusaidia.

Kudumu kunaumiza. Kipa Sepp Maier wa Bayern Munich alicheza mechi 442 za ligi mfululizo, bila kukosa hata moja, tangu 1966 mpaka 1979. Alichomtoa golini ni ajali ya gari. Ukisikia hivyo unapiga makofi. Mimi siku hizi nawaza pia wale waliocheza mfululizo huku wanaficha maumivu, na sisi viongozi tukijua. Kiungo wetu hufunga kifundo cha mguu wa kushoto bandeji kabla ya kila mechi, raundi saba, anahesabu kwa sauti ya chini. Kifundo kile tulimchezesha nacho kabla hakijapona. Mimi nilikuwemo kwenye kikao kilichosema "atavumilia". Alivumilia kweli. Hatukupaswa kumwomba avumilie, na leo mbele yenu wote namwomba radhi.

Pia mashabiki, tuna wajibu wetu. Paolo Maldini aliichezea AC Milan mechi 902. Alianza akiwa na miaka 16, baba yake Cesare akiwa amewahi kuwa nahodha wa Milan hiyo hiyo na kunyanyua Kombe la Ulaya mwaka 1963. Mwana akalinyanyua naye kama nahodha mwaka 2003. Siku ya kuwaaga watu uwanjani kwake, Mei 2009, baadhi ya mashabiki wa timu yake mwenyewe walimzomea. Baada ya miaka 25! Nimesikia mambo ya namna hiyo hapa kwetu, mwaka jana tu, kiungo wetu alipopoteza mpira ukazaa bao. Kuna aliyepiga kelele "mzee, pumzika". Mwanawe mdogo alikuwa ameketi safu ya pili, mita chache kutoka kwa aliyesema.

Kuna suala la lini mtu aachie. Hili halina jibu moja, na sipendi wanaolijibu haraka. Mtu aliyecheza sana si lazima awe kocha: Ceni huyo huyo, shujaa wa São Paulo, alipewa timu hiyo mwaka 2017 na hakumaliza mwaka, ingawa baadaye walimrudisha. Kwa upande mwingine, Alex Ferguson alifika Manchester United Novemba 1986 na kombe la kwanza akalipata mwaka 1990. Klabu isiyo na subira ingemtimua kabla ya hapo, na ile miaka karibu 27 isingekuwepo. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu huachia vizuri anapojua ana pa kwenda ndani ya nyumba. Javier Zanetti alipomaliza kuichezea Inter mwaka 2014, baada ya mechi 858, walimfanya makamu wa rais wa klabu. Sisi tumewahi kumpa mtu makofi siku ya mwisho, na wiki iliyofuata akazuiwa mlangoni kwa kukosa tiketi. Lilitokea hapa. Alikuwa kipa wetu wa misimu kumi, na hajarudi tena.

Nikimtaja Zanetti nakumbuka fainali moja, Desemba 2010, Abu Dhabi, Kombe la Dunia la Klabu. Upande huu Inter na nahodha wake Zanetti. Upande ule TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile, na golini kwake Robert Kidiaba, yule aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka amekaa chini. Kidiaba alikuwa Mazembe tangu 2002. Walifungwa tatu bila. Angeweza kusema kilele changu ndicho hiki, basi. Alibaki miaka mitano mingine, na mwaka 2015, anakaribia miaka 40, akaaga akiwa bingwa wa Afrika na klabu ile ile. Uwanja mmoja ulikuwa na watu wawili waliodumu, mmoja akapata kombe na mwingine akarudi nyumbani kufanya mazoezi.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu ya miezi mitatu.

Niliwapigia simu wachezaji wa zamani. Nilikusanya picha na karatasi za waamuzi. Niliyaweka yale madaftari juani, nikatenganisha kurasa moja moja kwa kisu cha karatasi. Mzee mmoja alinipa shajara ya marehemu mkewe, ambaye alikuwa akiandika matokeo ya kila Jumamosi kwa kuwa mtoto wao alikuwa winga wetu. Msimu mmoja kati ya ile miwili iliyopotea tumeupata humo. Idadi niliyoweza kuithibitisha, kila mechi ikiwa na ushahidi wake, ni 311. Hiyo ndiyo iliyochongwa kwenye ngao. Chini yake nimemwambia fundi aache nafasi.

Kamati imekubali mambo mawili, nami nayatangaza. Kuanzia msimu huu kila mechi ya kila timu yetu, wakubwa, wanawake na watoto, itaandikwa usiku ule ule: nani alianza, nani aliingia, nani alifunga, nani aliumia. Na kila aliyetumikia klabu hii misimu kumi, awe mchezaji, kocha au mtunza vifaa, ataingia uwanjani kwetu siku zote bila kuulizwa chochote mlangoni. Yule kipa wetu nimemfuata nyumbani kwake kumwambia. Nimemwachia kadi yake.

Hili hapa ndilo daftari jipya. Ukurasa wa kwanza una jina la kaka yetu na mechi 311. Ukurasa wa pili nimeuandika msimu wake wa nne, ule ambao hatuna karatasi hata moja, na uko mtupu. Namwomba kiungo wetu aje mbele, na wote mliocheza naye msimu huo mje pamoja naye. Mtunza vifaa, tafadhali njoo na wewe, na kalamu yako. Tuanzie na ile mechi ya mvua kubwa. Kaka, golini alikuwa nani?